Usiku wa Jumamosi

Nyumbani kwetu mimi ndiye bwana mipango. Iwe arusi, iwe matanga, iwe safari ya Maulidi Lamu, naitwa mimi, kwa sababu nina kompyuta ya ofisini na nina ulimi. Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini Kilindini. Mtu aliyezoea kulifuata kontena moja kutoka dawati hadi dawati kwa siku tisa bila kutukana mtu hujiona hakuna asiloweza kulipanga. Nasema hujiona, na kujiona huko ndiko kulikonifikisha hapa.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku tatu, mimi na baba yangu, kwenda Nairobi kutazama kriketi. Timu ya Kenya ilikuwa inacheza na wageni kutoka Uganda, mechi ya kimataifa, kiingilio mlangoni. Najua kwa wengi hiyo si habari. Watu wetu siku hizi ni kandanda tu, na ukitaja kriketi wanakuuliza kama ni ule mchezo wa Wahindi. Kwa baba ilikuwa habari ya kumnyima usingizi.

Baba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo melini. Miaka yake yote alisimama kando ya meli na daftari, kila gunia likishuka anapiga mstari, mistari minne na wa tano unaikata. Siku zake za mapumziko alivuka mji kwenda uwanjani, akakaa chini ya turubai na kufanya yale yale: kila mpira alama yake, kila mkimbio mstari wake. Hakuwahi kushika gongo hata siku moja. Alikuwa mwandishi wa alama, na maampaya, waamuzi wa mchezo, wakibishana kama mipira iliyorushwa ni mitano au sita, walikuja kwake, naye aliwaonyesha ukurasa. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa miguuni pake nikiona watu wazima wakimwamini hivyo, na kichwa kikinivimba.

Lakini mechi ya kimataifa hakuwahi kuiona kwa macho yake. Zile zilizoletwa hapa kisiwani zilimkuta zamuni, meli ya ngano imefunga gatini na hakuna wa kumpokea. Sasa amestaafu, na macho nayo yanastaafu. Jicho la kushoto limekwisha kwenda. La kulia lina presha, na daktari alituambia waziwazi tusilitegemee kufika mwisho wa mwaka.

Basi siku moja, tumekaa barazani kwetu Kibokoni, akanishika goti. Mwenzake wa zamani, ampaya aliyehamia Nairobi, alikuwa amempigia simu kumpa habari za mechi. Baba ni mtu wa Kimvita, Kiswahili chetu cha kisiwani, hakiachi hata akizungumza na daktari, na macho kwake ni mato.

"Mato haya yana mechi moja iliyobakia," akanambia. "Nipeleke, mwanangu."

Nikamwambia aniachie mimi. Akanieleza: mpira wa kwanza unarushwa saa tatu u nusu asubuhi, naye anataka kuuona huo wa kwanza, si wa pili. Kwa hiyo twende kwa basi usiku wa Jumamosi, tushuke alfajiri, tuswali, tunywe chai, twende zetu uwanjani. Nikaandika kwenye simu yangu: Jumamosi usiku. Mnaona? Maneno nimeyapindua tu, mtu angeapa ni kitu kimoja.

Kisha nikaanza kupanga, na hapo sijui shetani gani aliniingia. Ule mpango ulinikolea kuliko mechi yenyewe. Nikatafuta nyumba ya wageni karibu na msikiti ili mzee asitembee sana. Nikatafuta pa kula biriani, na pa kula nyama choma iliyo halali kweli, si ya kuambiwa. Nikatia ziara ya kwenda kuona magari moshi ya zamani, kwa sababu baba hupenda vitu vilivyokuwa na ratiba. Nikaandika ratiba yenyewe, kurasa mbili, nikaichapisha ofisini kwa rangi, nikaipitisha kwa wenzangu waione. Mmoja wao, mtu wa bara tunayekaa meza moja, akasema baba yangu ana bahati ya kuzaa mtoto kama mimi. Nikajitia sijasikia ili alirudie.

Kitu kimoja sikukitafuta: tarehe ya mechi. Kuingia mtandaoni, dakika mbili, basi. Kwa wiki mbili mimi na baba tulisema "siku ya mechi" kama watu wasemavyo "siku ya arusi," bila kuitaja jina. Mimi nilijua ni Jumapili, kwa sababu tungesafiri Jumamosi usiku. Yeye alijua anachokijua.

Na aliniomba nimsomee ile ratiba. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliishika karibu na pua, akaigeuzageuza, akasema rangi aziona lakini herufi hazioni, nimsomee. Nilikuwa na haraka ya kutoka. Nikamsomea mahali pa biriani na mahali pa nyama, akacheka, nikamwambia yaliyobaki atulie tu, mpangaji ni mimi. Lau ningemsomea mstari wa kwanza juu kabisa, ule wa siku na tarehe, angeniambia pale pale kwamba nimekosea siku.

Ijumaa yenyewe nilitoka kazini, nikapita ufukweni Mama Ngina na wenzangu kula mihogo ya kukaanga na ukwaju. Baba alipiga simu mara tatu. Niliiona, nikaigeuza kifudifudi juu ya benchi, nikisema moyoni atakuwa anauliza tena habari ya sweta. Nilipofika nyumbani Magharibi ilikuwa imeshaswaliwa.

Alikuwa amekaa barazani, kanzu nyeupe, koti juu, mkoba miguuni. Sweta ameikunja mapajani kwa sababu ya baridi ya Nairobi. Darubini yake ya zamani imening'inia shingoni, na kwapani ana daftari la alama, jipya, kanunua mwenyewe. Alikuwa ameshawaaga majirani nyumba kwa nyumba, amewaomba radhi kama anakwenda Makka.

Akaniuliza gari letu ni saa ngapi. Nikamuuliza gari gani. Akasema la Nairobi, tutachelewa, mbona hata mkoba sijafunga. Nikamwambia kwa sauti ya kumliwaza kwamba safari ni Jumamosi usiku, kesho, ajipumzishe. Akakataa katakata. Usiku wa Jumamosi ndio huu, akasema, twende, na akasimama. Nikaona kubishana na mzee mbele ya baraza za watu ni aibu, heri nimpeleke Mwembe Tayari kwenye ofisi ya mabasi, aambiwe na watu wa kazi. Nikamshika mkono tukaenda. Njia nzima nilikuwa nimenuna, naye alikuwa akinihimiza mwendo.

Ofisini palikuwa na foleni. Binti wa dirishani alikuwa mtu wa bara, mpole, na alimwamkia baba vizuri. Nikampa tiketi zetu nilizokata mapema. Akazisoma, akasema kwa upole kwamba ni za kesho.

"Mzee, leo ni Ijumaa," alisema. "Jumamosi ni kesho."

"Ijumaa ilikuwa mchana," baba akajibu. "Jua limekuchwa, binti yangu. Sasa ni usiku wa Jumamosi."

Foleni ikacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka mtoto akisema neno kubwa. Na pale pale, katikati ya kicheko, nikaelewa.

Kwa sababu hayo nayajua. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, si mgeni. Kwetu siku huanza jua likituwa, na usiku hutangulia mchana wake. Kila Alhamisi magharibi marehemu mama alikuwa akinituma kununua udi, akinambia nifanye haraka, usiku wa Ijumaa umeingia, na ndani watu wanaanza kusoma Yasin. Alhamisi, jamani! Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kunieleza, kama vile hakuna anayemweleza mtu kwamba maji yana unyevu. Usiku wa Jumamosi, kwa baba yangu na baba yake na baba wa baba yake, ni Ijumaa ikishakuchwa. Alinambia sawasawa. Alinambia kwa lugha aliyonilea nayo, nami miaka yangu ya kalenda za ofisini ilikuwa imenitoa lugha hiyo masikioni.

Nikatoa simu nikaangalia. Mechi: Jumamosi, saa tatu u nusu asubuhi. Kesho.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Ningewageukia wale watu nikawaambia mzee yuko sawa, mimi ndiye niliyekosea, na huko kwetu ndivyo tunavyohesabu. Lakini watu walikuwa wananitazama, binti anasubiri, na nyuma yangu kulikuwa na mmoja tunayejuana bandarini. Niliona haya. Nilimwonea baba haya, baba yangu mimi, na kanzu yake na darubini yake shingoni. Nikacheka pamoja nao.

"Samahani, dada," nikamwambia yule binti. "Mzee siku zimeanza kumchanganya."

Baba alinigeukia. Lile jicho la kulia lilinitafuta uso, na sijui liliona nini. Binti akaniuliza kama tunataka kujaribu basi la usiku huo, akatazama, akasema yote yamejaa. Tukatoka.

Tulirudi kwa miguu polepole. Hakunihimiza tena mwendo. Tulipofika karibu na nyumbani akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kama kweli alinambia usiku wa Jumamosi. Nikamwambia alinambia. Hilo lilikuwa kweli, na kweli yenyewe niliitumia kama uongo. Nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba lau angesema Ijumaa usiku tungekuwa tumeshaondoka.

"Basi kosa ni langu," akasema. "Kichwa chaanza kwenda, na mato yafuata nyuma."

Ndege ya alfajiri ilikuwepo. Niliitazama kwenye simu nimejificha jikoni, viti vipo, na pesa nilikuwa nazo. Tungefika kabla ya mpira wa kwanza. Lakini kukata tiketi ya ndege kwa haraka namna ile kungekuwa ni kukiri kwamba kuna kosa la kufidiwa, na angeniuliza kosa la nani. Nikaizima simu. Nikajiambia mzee amechoka. Hakuwa amechoka, alikuwa ameshavaa.

Asubuhi alikuja sebuleni kwetu na daftari lile jipya. Akasema kama hawezi kuiona, ataiandika. Nimsomee kutoka kwenye simu, mpira kwa mpira, naye apige alama. Karatasi akaisogeza karibu na pua. Nilitaka kumkataza, nikakosa uso wa kumkataza. Ukurasa wa kwanza wa daftari una mahali pa kuandika timu, uwanja na siku. Timu akaandika, uwanja akaandika, herufi kubwa zinazopanda na kushuka mstari. Alipofika penye siku akasita, akanipa kalamu.

"Siku andika wewe," akasema. "Mimi nitakosea."

Nikaandika. Nikamsomea mechi yote, ova kwa ova, mipira sita sita, na hakukosa mpira hata mmoja. Niliposoma ova moja nikaruka mpira wa nne kwa sababu simu ilikwama, alinisimamisha: imepita mitano, mmoja uko wapi? Nikatafuta nikaupata. Mtu huyo ndiye niliyesema siku zinamchanganya. Sikumbuki nani alishinda, na ningeweza kulifungua daftari nikaona, lipo kabatini. Silifungui.

Baada ya hapo akabadilika, na nilikuwa nikimtazama akibadilika kwa neno langu moja. Alianza kuuliza leo siku gani. Alimuuliza mke wangu, akamuuliza muuza kahawa, kisha akanijia mimi kuhakikisha. Ijumaa hakwenda msikitini mpaka mtu amwambie kwamba ndiyo Ijumaa. Dawa za jicho, ambazo miaka yote alizitia mwenyewe kwa saa yake, akaanza kunisubiri nitoke kazini nizitie mimi, asije akazirudia. Alhamisi magharibi jirani wakianza Yasin, mimi naondoka nyumbani. Nasingizia kwenda kununua kitu. Siwezi kukaa chumba kimoja naye tukiusikia usiku wa Ijumaa ukiingia.

Miezi ikapita na jicho likafanya kama daktari alivyosema. Nilimpeleka kliniki, na daktari mgeni, kijana mwenye adabu, akataka kujua na hali ya kumbukumbu, maana faili ilionyesha umri wa mzee. Akamuuliza baba leo ni siku gani. Ilikuwa Jumanne saa nne ya asubuhi, na baba alijua, nilimwona midomo ikianza. Kisha akaifunga. Akageuka upande niliokaa, akiwa hanioni vizuri tena.

"Muulize mwanangu," akamwambia daktari. "Yeye ndiye anayejua siku."

Daktari akaandika kitu. Nilijua anaandika nini. Neno nililolitupa Mwembe Tayari kuokoa uso wangu mbele ya watu nisiowajua sasa lilikuwa linaingia kwenye faili ya hospitali.

Siku hiyo sikurudi kazini. Alasiri nilimkalisha barazani, nikakaa chini miguuni pake kama zamani, nikamwambia yote. Nilimwambia alikuwa sawa. Nilimwambia usiku wa Jumamosi ni Ijumaa ikishakuchwa, ndivyo alivyosema mama, ndivyo wanavyosema wote hapa, na mimi niliyapindua maneno kwa upumbavu wangu. Nilimwambia nilielewa pale pale dirishani nikanyamaza. Nilimwambia na habari ya ndege. Nililia, mtu mzima na mvi zangu, wapita njia wakipita.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulitafuta kichwa changu ukakipata. Akasema ni kweli zamani ndivyo walivyokuwa wakisema, marehemu mama alikuwa akisema hivyo. Lakini yule binti alisema Ijumaa, na watu wote walicheka, na mimi mwenyewe, mwanawe, nilisema siku zimeanza kumchanganya. Watu wote hawawezi kukosea akawa sawa yeye mmoja, tena mzee, tena hana mato.

Nikamwapia. Nikamwambia wallahi, baba, ulikuwa sawa.

"Wanifariji," akasema, na alikuwa anatabasamu. "Naujua moyo wako. Wajitwika kosa langu nisihuzunike. Mungu akujaalie nawe upate mwana kama wewe."

Nikaitikia amina.